Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 19 Januari

Dada,

Shikamoo. Wiki mbili zimepita na bado ni mzima. Chumba nilichopewa kina mlango unaofungwa kwa kamba, kwa hiyo usimwambie Mama. Simu inashika ukipanda juu ya ngazi ya tangi la maji, na unanijua mimi na ngazi. Barua zangu atakuletea dereva wa lori la maziwa, anayeshuka huko kila Jumanne na Ijumaa. Amekubali kwa sharti zisiwe za mapenzi. Anasema hizo huleta ajali.

Shule ni jengo moja refu. Madarasa ni matatu, la sita, la saba na la nane, na mwishoni kuna jiko. Ukuta wa jiko ndio ukuta wa darasa langu la nane, na kati yake kuna kidirisha kisicho na kioo. Siku ya kwanza mwiko uligonga sufuria mpaka nikashindwa kusikia sauti yangu mwenyewe. Nikaenda kumwomba mpishi agonge taratibu. Watoto wanamwita Mama Mwiko. Tangu siku ile nikianza kufundisha jiko huwa kimya kama maktaba. Nilijiona nimeshinda.

Mkuu wa shule ni mzee mwembamba anayepiga kengele kwa mkono wake mwenyewe. Watoto wanamwita Mzee Kengele, naye anajua. Alinionyesha daftari la mahudhurio kabla hajanionyesha choo. Wanafunzi tisini kamili. "Hii ndiyo shule, Mwalimu," akaniambia. "Majengo ni mapambo." Sina haja ya kukueleza wewe unayeandika orodha ya shule za kuunganishwa huko ofisi ya elimu. Akipungua mmoja tu chini ya tisini, tunafungwa, na watoto wanapelekwa ile ya njia panda, kilomita kumi na nane. Kwa hiyo hapa mtoto akikohoa, Mkuu anageuka kama aliyeitwa jina.

Kuhusu matokeo, uliniambia nisitarajie makubwa, na nilisahihisha ule mtihani wenu wa kufungua muhula nikiwa nimeshajikunyata. Karatasi nyingi zilinihuzunisha. Kisha nikafika namba kumi na saba. Dada, alama arobaini na nane kati ya hamsini! Kwa nini mfuniko wa sufuria huruka maji yakichemka? Ameandika hivi, nanakili: "Maji yakichemka hayaishi, yanabadilisha nguo. Yaliyovaa nguo mpya hutaka nafasi kubwa kuliko mwanzo, na mfuniko ndio unaoyazuia mlangoni." Nilisoma nikasimama. Nilimkata alama mbili tu, katika swali la nne, kwa nini maji ya mtungini hubaki baridi, kwa sababu hakutaja neno uvukizaji.

Sura yake bado sijaijua. Karatasi zenu zina namba bila majina, na asubuhi nikiita, "nipo" yake inatoka upande wa dirishani ambako jua hunipiga machoni. Sauti yake nayo inageuka. Jumatatu nyembamba, Jumanne nzito. Nadhani ana mafua.

Mdogo wako


Alhamisi, 5 Februari

Dada,

Naandika kwa haraka, utanisamehe mwandiko.

Leo niliamua kurudisha karatasi mkononi kwa kila mmoja, nimtazame usoni, nimwambie neno lake. Nilianza na namba moja. Nilipofika kumi na saba nikatabasamu kabla ya wakati. Hakuinuka mtu. Nikaita tena. Msichana wa dawati la mbele akasema, "Nipe, Mwalimu, nitampelekea." Nikauliza yuko wapi, mbona asubuhi ameitika. Darasa zima likatazama madawati, na hapo nikaona kitu nilichokuwa nakipita kila siku. Dirishani kuna dawati ambalo upande mmoja unafutwa vumbi na haukaliwi.

Nikahesabu vichwa. Thelathini. Daftari lina thelathini na mmoja. Mimi, mwenye shahada ya sayansi, nimefundisha mwezi mzima bila kuhesabu vichwa vilivyo mbele yangu.

Nikamwambia yule msichana anipeleke. Alinipeleka jikoni.

Mama Mwiko alipoiona karatasi alifuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena, akaifuta mara ya tatu, ndipo akaipokea. Hakutazama alama. Alitazama makosa. Nikamuuliza mtoto wake yuko wapi.

"Alikufa Mei," akasema. "Homa ya siku tatu."

Nikauliza karatasi hii basi ni ya nani. Nafikiri nilikuwa nimeshajua, lakini kinywa kiliuliza chenyewe.

"Namba ni yake. Majibu ni yangu."

Dada, niliketi juu ya gunia. Mwanafunzi bora wa shule hii ana miaka arobaini na moja na ndiye anayetupikia. Ule ukimya nilioudhani ni ushindi wangu alikuwa anasimama kidirishani kusikiliza. Miaka tisa amesikiliza kupitia ule ukuta, walimu saba, mimi ni wa nane. Siku ya mtihani Mkuu alimpelekea karatasi chini ya sinia, na jioni akaichanganya na nyingine. Na ile sauti inayogeuka si mafua. Watoto wana zamu. Kila asubuhi mmoja wao anamwitikia mwenzao aliyekufa, na nimegundua kwamba wa leo alikuwa mdogo wa kiume wa yule msichana, mtoto ambaye mimi nimekuwa namsifu kwa ukweli.

Mwisho wa mwezi natakiwa kutia saini daftari. Nifanye nini? Usimwonyeshe mtu barua hii, wala ile ya kwanza.

Mdogo wako


Alhamisi, 5 Februari

Bi Kwanini wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya nne nimeisomea ofisi nzima. Usikasirike. Ulijua ukiniandikia kitu kama kile cha maji kubadilisha nguo sitakaa nacho.

Bosi wetu unamkumbuka, yule anayekunywa chai ikiwa baridi. Amekuwa akitafuta habari njema ya kuweka kwenye ripoti kabla ya kusaini orodha mwezi wa tatu, maana mwaka huu nimeandika shule kumi na nne za kufungwa na hata yeye usingizi umeanza kumruka. Nilipomaliza kusoma aliweka kikombe chini. Akaomba tena ile ya mfuniko. Kisha akasema huyu mtoto lazima aonekane. Atakuja mwenyewe Ijumaa tarehe 27, na atamletea namba kumi na saba hadubini mpya, ndani ya boksi lake. Shule yako itapigwa picha. Nani atafunga shule iliyopigwa picha?

Niambie basi yukoje. Mrefu, mfupi? Anacheka? Mama anauliza kama ana viatu.

Umenipa jambo la kwanza jema kuandika katika ofisi hii, mdogo wangu. Nilikuwa nimeanza kujiona kama mchimba makaburi mwenye mwandiko mzuri.

Dada yako


Ijumaa, 13 Februari

Mdogo wangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Natumaini yangu uliipata umeketi.

Yako niliisoma chooni, mlango nimeufunga, na nilipotoka mwenzangu akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ndiyo. Si uongo.

Sikiliza. Bosi hawezi kurudishwa nyuma, ameshatangaza mpaka juu. Mimi ndiye niliyeandika tisini kwenye fomu kwa mkono wangu, na chini yake kuna jina langu. Wewe ni mwalimu wa mwezi mmoja. Wakikuta umejua na ukanyamaza, hutafundisha tena popote. Mfute. Chukua wino mwekundu, piga mstari, andika tarehe aliyokufa, kabla ya tarehe 27. Bosi akija mwambieni amehamia kwa shangazi yake mbali. Hadubini apewe namba nyingine yoyote.

Najua maana yake. Themanini na tisa. Nitaiandika shule yako ya kumi na tano, na nitaiandika vizuri, bila kufuta. Usinifundishe uchungu, mimi nakula nao chakula cha mchana.

Na huyo mpishi wako asiguse karatasi ya serikali tena. Mtu mzima! Anafikiri ni mchezo?

Dada yako


Ijumaa, 20 Februari

Dada,

Nimejaribu.

Jumatatu nilifika kabla ya kengele. Nikafungua daftari, nikaweka rula chini ya jina lake, nikafungua kalamu nyekundu. Kidirisha kilikuwa wazi. Mama Mwiko alikuwa upande wa pili, ameshika kuni, ananitazama. Sijui alisimama pale tangu lini.

"Futa tu, Mwalimu," akasema. "Nilijua atafutwa siku moja. Nilitaka tu asifutwe haraka."

Wino ukadondoka kwenye jina lingine, la mtoto aliye hai, na nikafunga kalamu.

Nilimwendea Mkuu. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali, nikayasema yote, na yeye alikuwa anafunga kamba mpya kwenye kengele na hakuinua kichwa. Akaniambia hata yeye angependa kuwa mwaminifu kama mimi, ila ana watoto themanini na tisa. Akauliza kama nimewahi kutembea mpaka njia panda. Nikasema sijawahi. Akasema nijaribu kesho yake, yeye atanishikia darasa, kisha niende kwake na kalamu yoyote niitakayo.

Nilitembea, Dada. Niliondoka alfajiri nikafika saa nne kasoro, na miguu yangu ni ya mtu mzima, tena nilikuwa na viatu. Yule msichana wa dawati la mbele ana miaka kumi na tatu.

Sitamfuta kwa siri na sitasema amehamia kwa shangazi. Mtoto hana shangazi, ana kaburi. Lakini pia sitatia saini kwamba yupo. Bosi wako akija nitamwambia mwenyewe. Kwa watoto nimesema zamu zimekwisha, wasiitike. Hawakubisha. Walinitazama kama watu wanaomtazama mgeni aliyekaa kiti cha marehemu.

Najua nakuangusha. Niandikie hata matusi.

Mdogo wako


Jumapili, 22 Februari

Kwa dada yake Mwalimu,

Mimi ni mpishi wa shule. Mwalimu hajui kwamba naandika. Ofisi yako niliiona juu ya bahasha, na dereva amekubali kubeba. Hii ni barua yangu ya kwanza kwa mtu nisiyemjua, kwa hiyo nisamehe mpangilio.

Mwalimu hakudanganya mtu. Alikuta mambo yamekwisha kuwa hivi.

Mkuu alikuja nyumbani siku ya saba baada ya maziko. Aliketi mpaka chai ikapoa, ndipo akasema wakimfuta watabaki themanini na tisa. Nikamwambia asimfute. Sharti langu lilikuwa moja, asiitwe halafu pakawa kimya. Zamu walipanga watoto wenyewe. Mimi nilizisikia tu kutoka jikoni, asubuhi baada ya asubuhi, na kila sauti ilikuwa si yake.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulipokuja, Novemba, karatasi zilihesabiwa. Mkuu alitaka ile moja ijazwe ovyo ipate sifuri, isionekane. Mimi sikutaka mwanangu apate sifuri. Ndivyo nilivyoanza. Nilianza kwa ajili yake. Sitakudanganya, sikuendelea kwa ajili yake.

Nilikuwa darasa la tano shule yetu ilipounganishwa na nyingine ya mbali. Nilitembea wiki tatu. Wiki ya nne mvua ilinyesha na baba akasema inatosha. Tangu hapo sikushika kalamu mpaka Novemba.

Mfuteni mwanangu, nimekubali. Mwalimu asiadhibiwe.

Nina swali ambalo naona aibu kumuuliza yeye. Katika swali la nne alinikata alama mbili. Niliandika kwamba mtungi hutoka jasho, na jasho likipanda hewani huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Nimefikiri kila siku nikichota maji. Nilikosea wapi?

Wako kwa heshima,
Mpishi


Jumamosi, 28 Februari

Dada,

Hukunijibu. Nadhani nimestahili. Nakueleza ya jana kabla hujayasikia kwa mwingine.

Bosi wako alikuja na mpiga picha na boksi la hadubini. Nilikuwa nimekariri maneno yangu usiku na mchana. Nikamwomba tuzungumze nje kwanza, akaniambia baadaye, Mwalimu, usiwe na haraka. Akachukua daftari mkononi mwangu akaanza kuita mwenyewe, kwa sauti ya kufurahi. Moja. Mbili. Watoto wakaitika mmoja mmoja. Kumi na tano. Kumi na sita.

"Kumi na saba."

Pakawa kimya. Dada, ni mimi niliyewaambia wasiitike. Nilisimama pale nikausikiliza ukimya ule, na sikuweza kusema hata neno moja kati ya yale niliyokariri. Bosi akainua macho, bado anatabasamu, akitafuta.

"Nipo."

Ilitoka kidirishani. Kisha tukasikia sufuria ikiteremshwa motoni, na nyayo, na akaingia kwa mlango kama watu wote, kanga kiunoni, mikono mikavu. Alikuwa ameifuta.

Bosi akacheka kidogo. "Mama, tunaita wanafunzi."

"Nimesikia," akasema. "Namba hiyo ni ya mwanangu. Alikufa. Majibu uliyoyafuata ni ya kwangu."

Mpiga picha akashusha kamera. Sijawahi kuona uso ukibadilika kama ule wa Bosi, ni kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Alimtazama Mama Mwiko, akatazama daftari, akamtazama tena. Hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja tu, nani mwingine anajua.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Halafu mdogo wake. Halafu wote, Dada, mikono thelathini, kimya, kama nilivyowafundisha kunyoosha wakijua jibu. Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Akanyoosha wake. Nami nikanyoosha wangu.

Bosi alikaa kwenye lile dawati la dirishani, upande ule, kwa kutojua. Hakuna aliyemwambia. Kisha akainuka, akachukua daftari chini ya kwapa, akaondoka bila kuaga. Hadubini waliisahau. Iko juu ya meza ya Mkuu ndani ya boksi lake na hakuna anayejua ni ya nani.

Leo ni Jumamosi lakini watoto kumi na wawili wamekuja, wamekaa kwenye ngazi za mlangoni. Wananiuliza ni lini watajua kama shule itafungwa. Nimewaambia sijui. Ni jibu la kweli la kwanza nililowapa mwezi huu.

Mdogo wako


Jumatatu, 9 Machi

Bi Kwanini,

Kunyamaza kwangu hakukuwa hasira, au hakukuwa hasira tu.

Jumanne ya tarehe 24 dereva aliniletea barua ambayo si yako. Ya mpishi. Niliisoma, nikaifungia kwenye droo siku tatu, na nikamwacha Bosi aende bila kumwambia kitu. Ningeweza kuizuia safari. Nilitaka akaone. Mimi sikuwa na ujasiri wa kumwambia, nikamtuma na macho yake mwenyewe. Hilo ndilo nililokuficha, na sasa unalijua.

Alirudi na daftari lenu, akafunga mlango. Saa moja baadaye nikapeleka ile barua na kuiweka mezani kwake. Akaisoma. Akaniuliza ni kweli huyu mama aliachia darasa la tano kwa sababu ya kuunganishwa. Nikasema ndivyo alivyoandika. Akaniambia nimletee kanuni za uandikishaji, kitabu kizima, na tukakaa tukakisoma mstari kwa mstari kama wanafunzi waliochelewa.

Mdogo wangu, nimefanya kazi na kitabu kile miaka sita. Kinataka mambo mawili. Mwanafunzi akae ndani ya eneo la shule, na awe amefaulu mtihani wa darasa lililotangulia. Umri wa chini upo. Umri wa juu haupo. Aliyekiandika hakuwaza kwamba mtu mzima angetaka. Novemba huyu mama alifanya mtihani wa darasa la saba kwa namba isiyo yake, kwa hiyo haukuhesabika. Akapelekewa mwingine Jumatano iliyopita, jina lake juu, msimamizi kutoka ofisi yetu mbele yake. Amefaulu.

Sasa pokea mengine. Mkuu atapumzishwa muhula huu ukiisha. Aliposomewa barua alisema amechoka na kengele, lakini msimamizi anasema aliipiga siku ile mara mbili zaidi ya inavyotakiwa. Wewe utapata onyo la maandishi, litakaa kwenye faili lako, usilie mbele za watu. Mimi nimeondolewa kwenye orodha na kupelekwa stoo ya karatasi. Hakuna anayetuonea, tulikosea.

Kabla sijaondoka nilifanya kazi moja ya mwisho. Nilimfuta namba kumi na saba kwa rula, wino mwekundu, tarehe yake ya Mei. Nilifikiri mkono wangu umezoea. Haukuwa umezoea. Chini kabisa, namba thelathini na mbili, nikaandika jina la mama yake. Jinsia, mke. Umri, kile kisanduku cha tarakimu mbili kilitosha: 41. Jumla ya shule, 90. Bosi ametia saini kwa mwaka huu tu, mwakani mtahesabiwa upya. Hadubini ibaki.

Namba kumi na saba haipewi mtu. Ukifika kumi na sita, pumua, uendelee.

Na jambo moja, hili ni la kwako peke yako. Mama huyu ana swali aliloogopa kukuuliza. Nakuwekea barua yake humu ndani, usome mwenyewe alichoandika kuhusu mtungi. Nilimpelekea mtunzi wa ule mtihani, yuko ghorofa ya chini. Alisoma, akavua miwani, akaniuliza aliyesahihisha ni nani. Nikasema ni mtu mzuri aliyekuwa anatafuta neno, akapita juu ya jibu.

Daftari linakuja na barua hii. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuliita, mrudishie alama zake mbili. Mbele ya darasa.

Dada yako